Asili ya Tabasamu

Huku Bagamoyo wanafunzi wangu wa ualimu walipenda hoja moja: "tabasamu" limetoka katika Kiarabu, kwa hiyo wazee wetu walifundishwa na wageni kukunjua uso. Hoja hiyo haisimami. "Cheka" ni neno la Kibantu. Waganda husema "seka", Wakikuyu "theka". Tabasamu lilipoingia, kama lilivyoingia bashasha, halikutuletea furaha. Lilitupa kipimo: cheko la adabu, lisilo na sauti. Anayetoa meno ovyo bado tunamwambia anakenua. Kamusi ikiandika "Kiarabu" kando ya neno, imetaja mlango lilimopitia. Haijasema lilimkuta nani ndani. Neno tuliliazima, ndugu msomaji. Uso ulikuwa wetu.