Nathari Isiyopiga Mbizi: Tippu Tip na Ziwa Tanganyika

Masimulizi ya wazamiaji wa mashimo ya bahari yana umbo lake. Kwenye shimo la Dahab, Misri, lenye kina cha mita mia moja hivi, safari huhesabiwa kwa kwenda chini: mita, dakika, hewa iliyobaki mtungini. Kuzama ni kwa haraka. Kupanda ndiko kwenye kazi. Aliyefika kina kirefu hana budi kusimama kituo baada ya kituo ili nitrojeni imtoke mwilini taratibu, la sivyo ataumia au atakufa. Kwa hiyo msimulizi naye hulazimika kukawia.

Umbo hilo linanisaidia kuyasoma Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, tawasifu ya mfanyabiashara wa misafara aliyejulikana kama Tippu Tip, kwa sababu njia ya misafara anayoisimulia, ya pwani hadi Tabora na Ujiji, inafika ukingoni mwa maji ambayo mbele yake shimo la Dahab ni dogo mno. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470. Uso wake uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Maana yake sakafu yake iko karibu mita 700 chini ya usawa huo. Kitabuni ziwa linavukwa kwa maneno machache. Pembe zina bei Ujiji, basi watu wanakwenda ng'ambo, Urua.

Siri iko kwenye vitenzi. Tippu Tip aliandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na Heinrich Brode akayachapisha maandishi hayo Ujerumani mwaka 1902 na 1903. Injini ya nathari yake ni kiambishi -ka- cha mfululizo: kutoka, kufika, kuuliza, kujibu, vyote vinafuatana bila kutua. Vivumishi ni haba. Bei, frasila, majina ya watawala na ya miji hayakatiki. Anapopunguza mwendo ni kwa ajili ya mazungumzo, na mengi ya hayo ni mashauri na mabishano ya safari. Ni nathari nzuri kuliko inavyosifiwa. Zisome kwa sauti sehemu za Tabora, alikokuwa na makao baba yake, Muhammed bin Juma, uone jinsi pumzi inavyogawanyika kwa hatua.

Lakini nathari hii inapima umbali tu. Kina hakina pa kuingilia, si cha ziwa wala cha mtu. Wapagazi, Wanyamwezi wengi miongoni mwao, wanabeba mali ya kitabu kizima, na hatuambiwi bega linavyochubuka. Tunawaona vizuri wanapotoroka. Katika kisa cha Wazaramo, wapagazi wanakimbia, Tippu Tip anawafuata hadi vijijini kwao, anawakamata wazee na jamaa zao, kisha anaondoka na wapagazi wake wakiwa minyororoni. Ndipo akapewa jina la Kingugwa. Mwandishi mwenye umbo la mzamiaji angelazimika kusimama hapo, apande polepole. Huyu hasimami. Kukamata, kufunga na kuondoka vinapewa -ka- ileile iliyomvusha Tanganyika, na aibu ya kisa hiki naiona papo hapo, katika usawa wa vitenzi hivyo: mnyororo haukumchelewesha mwandishi hata kwa nusu sentensi.