Sabrina Simader na msimu usiolipiwa

Sabrina Wanjiku Simader alizaliwa Kilifi mwaka 1998 na kuhamia Austria akiwa na miaka mitatu. Baba wa kambo ndiye aliyemfunza skii. Februari 2018, Pyeongchang, akawa Mkenya wa kwanza kushindana katika skii ya mteremko kwenye Olimpiki: nafasi ya 38 katika supa-ji na ya 59 katika slalomu kubwa. Kazi safi. Kosa lilifanyika mezani, si mlimani, pale viongozi wa michezo walipouacha mzigo wa gharama umlemee yeye na jamaa zake.

Ubaya wa uamuzi huo unaonekana kwenye hesabu za pointi, ambazo uchache wake ndio ubora. Shirikisho la kimataifa, FIS, huchukua wastani wa matokeo mawili bora ya miezi 12. Mwenye tokeo moja huongezewa asilimia 20. Asiye na tokeo lolote hubaki na pointi zake za zamani, zikiwa zimeongezwa asilimia 50. Mwaka 2018 slalomu ilipokea wenye pointi hadi 140; supa-ji ilikomea 80, na Simader aliupita mlango huo mwembamba. Supa-ji haina duru ya pili wala mazoezi ya njia: malango hukaguliwa, kisha mtu hushuka mara moja kwa skii za urefu wa sentimita 205 au zaidi. Pointi zake hupatikana kwa kushindana mara nyingi, na kila shindano lina nauli, malazi, nta na fundi wake.

Kwa hiyo anayekosa fedha za msimu mmoja habaki alipokuwa. Ni kama shamba la mpunga bondeni Kilombero: likilala msimu mmoja, mwenye nalo anarudi kukuta magugu. Pointi zikipanda, mshindani hupangwa nyuma, hushuka njia iliyokwisha kuchimbwa na waliotangulia, na muda wake huzidi kuwa mbaya. Hayo yote yanajulikana kabla theluji haijaanguka. Kumwambia mshindani atafute fedha mwenyewe ni kumwondoa mashindanoni polepole, na tabia ya kusubiri medali ndipo pochi ifunguliwe imezoeleka Afrika Mashariki kote, Tanzania ikiwemo.

Mkenya mwenzake, Philip Boit, alipata bahati tofauti. Nike ilimpeleka Finland kujifunza skii ya nyika. Nagano 1998 akamaliza wa mwisho katika kilomita 10, bingwa Bjørn Dæhlie akimngojea mwishoni. Alirudi 2002 na 2006. Kwa ufundi hakumfikia Simader, lakini alilipiwa, na hilo lilimpa Olimpiki tatu.

Beijing 2022 Kenya haikuwa na mshiriki hata mmoja. Mialitiana Clerc wa Madagaska, aliyeshindana Pyeongchang mwaka uleule na Simader, alikuwapo na akamaliza slalomu na slalomu kubwa.