Cheti, Nyundo na Mlezi: Uanaume katika Kill Me Quick ya Meja Mwangi

Riwaya ya Kill Me Quick (1973), ya Meja Mwangi, mzaliwa wa Nanyuki, aghalabu huhakikiwa kama kilio cha umaskini wa mjini. Usomaji huo ni sahihi, ila unaliacha kando suala la malezi ya mwanamume.

Katika mila za Wagikuyu wa miteremko ya Mlima Kenya, mvulana aliyetahiriwa alikuwa na mutiri, yaani mlezi wa jandoni, aliyemfunza wajibu wa utu uzima. Shule za misheni, kama ile ya Tumutumu huko Nyeri, zilimweka mwalimu kando yake, na cheti kikawa kipimo kipya cha nguvu.

Mwangi anawasawiri vijana waliokosa walezi wote wawili. Meja na Maina wana vyeti ambavyo havimshawishi mwajiri. Maina, aliyetangulia mjini, ndiye anayegeuka mutiri: anamfundisha mwenzake kulala vichochoroni na kula mabaki ya mapipani. Baadaye Meja anavunja mawe machimboni. Nguvu za mkono, ambazo elimu ilinuiwa kumwepusha nazo, ndizo pekee zenye mnunuzi. Mwili uliotarajiwa kurudi nyumbani nadhifu sasa unamtia haya.

Wanawake, kwa bahati mbaya, wanabaki pembeni mwa mjadala huu. Hata hivyo, dai la riwaya ni zito: uanaume haukai katika cheti wala nyundo, bali katika kugawana kilichookotwa. Maina naye anapoishia gerezani, swali linalobaki ni la ulezi: nani sasa atamshika mkono kijana anayefuata?