Jembe la Kupewa: Uhakiki wa Makazi ya Masasi ya 1876

Katika darasa la siasa tulilofanya Sudi, kusini mwa mji wa Lindi, kijana mmoja alisimama akauliza swali ambalo hatukuwa tumejiandaa nalo. "Ndugu mkufunzi," alisema, "watu wa dini wakija na Neno mkono huu na cherehani mkono huu, wakawagawia watu waliohamishwa kutoka mjini, kada wa Chama afanye nini? Apige makofi au akatae?" Vijana wenzake walicheka. Wazee waliokaa nyuma hawakucheka.

Wazee wale walikuwa na sababu. Pwani hii ya Kilwa, Lindi, Sudi na Mikindani ilikuwa mlango wa misafara ya utumwa iliyotoka upande wa Nyasa. Watu walishushwa hapa wakiwa wamefungwa, wakapakiwa majahazini. Na katika karne hiyohiyo baadhi ya watu wa namna yao walirudishwa kwa kupitia Lindi wakiwa huru, wakiongozwa na askofu. Swali la kijana wetu, basi, limewahi kujibiwa kwa vitendo katika ukanda huu huu, na ni aibu kwetu sisi tunaofundisha siasa kwamba hatujalichambua jibu hilo ipasavyo.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka 1873 Sultani Barghash alilazimishwa kutia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa Unguja. Manuwari za Kiingereza zilikuwa zikikamata majahazi na kuwakabidhi baadhi ya waliookolewa kwa misheni ya Kianglikana ya UMCA, iliyokuwa Unguja tangu 1864. Misheni iliwaweka watu wazima katika shamba la Mbweni, nje kidogo ya mji, na wavulana katika shule ya Kiungani. Haukupita muda mrefu Mbweni ikajaa. Walikuwa huru kisheria, lakini hawakuwa na ardhi yao, hawakuwa na ukoo wa kuwapokea, na kazi waliyoijua mjini ilikuwa ya kumtumikia mwingine. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwachukua wapatao 55, wanaume kwa wanawake, akavuka nao hadi Lindi, kisha wakatembea bara kwa miguu zaidi ya kilomita 100. Nia ilikuwa kufika Nyasa. Walipofika Masasi wakaona ardhi na maji vinafaa, wakapiga kambi, na kambi ikawa kijiji.

Habari hii husimuliwa kwa namna mbili, na namna zote mbili zina kasoro.

Namna ya kwanza ni ya wamisheni wenyewe na wanaowafuata. Humo Masasi ni tendo la huruma tupu: mtumwa amefunguliwa, amepewa shamba, amejengewa nyumba ya ibada, amefundishwa kusoma. Hatukatai kwamba mambo hayo yalitendeka. Steere alikuwa mtu wa elimu kubwa. Kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha mwaka 1870 kiliwafaa wengi. Lakini masimulizi hayo yanaficha swali la msingi kabisa: kijiji kilikuwa cha nani? Mtu aliyewekwa Masasi alilima kwa idhini ya misheni, alikaa kwa kanuni za misheni, na alipogombana na jirani yake alikwenda kwa mkuu wa misheni kuamuliwa shauri. Mkuu huyohuyo alikuwa padri wake na mwalimu wa mwanawe. Akikosana naye katika jambo moja, amekosana naye katika yote. Hali hiyo haikuwa ya Masasi peke yake. Freretown, karibu na Mombasa, ambako misheni ya CMS ilianzisha makazi ya namna hiyo mwaka 1875, adhabu walizopewa wakazi zilifikia ukali wa kuleta uchunguzi mwaka 1881.

Namna ya pili ni ya kwetu. Tumezoea kusema darasani kwamba wamisheni walikuwa watangulizi wa mabeberu, tukafunga daftari. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ikisemwa hivyo tu inakuwa kasumba ya aina nyingine, kwa sababu inamfuta mtu aliyehamishwa. Haituelezi kwa nini wale 55 walikubali kutembea. Walikubali kwa sababu walikuwa na lengo lao wenyewe: wengi wao walitekwa bara, na bara ndiko walikotaka kurudi. Misheni ilitaka waumini na kituo cha njiani kuelekea Nyasa. Wao walitaka nyumbani. Malengo mawili yalisafiri katika msafara mmoja. Uchambuzi wa kitabaka unaoshindwa kuona hilo ni uvivu.

Udhaifu wa mpango ulidhihirika mwaka 1882. Wangoni, ambao wenyeji waliwaita Magwangwara, waliivamia Masasi, wakaua, wakachukua mateka. Vijiji vya Wamakua na Wayao vya jirani navyo vilijua mashambulizi, lakini vilikuwa na wakuu wao, ujamaa wa damu na mapatano ya kale. Watu wa misheni hawakuwa na kitu cha namna hiyo. Ngao yao ilikuwa misheni, na misheni haikuwa na nguvu ya kuzuia. Kazi ikahamishiwa zaidi Newala, na makazi ya awali yakavurugika. Miaka sita ya jembe la kupewa haikuzaa jumuiya inayoweza kujisimamia siku mpaji anapopungukiwa.

Tulinganishe na jambo lililotokea kando tu ya hapo. Cecil Majaliwa alikuwa Myao aliyetekwa akiwa mtoto, akakulia mikononi mwa misheni Unguja, na mwaka 1890 akapewa upadri, wa kwanza miongoni mwa Waafrika katika misheni hiyo. Tangu 1886 alifanya kazi Chitangali. Huko hakwenda na kundi la watu wa kutunzwa. Alikwenda katika kijiji chenye mkuu wake, Nakaam, na mashamba yake, akafundisha watu ambao hawakuhitaji ruhusa yake ili wale. Kazi yake ilistawi. Mwaka 1897 aliondolewa kurudishwa Unguja, na huko juhudi zake zikadidimia. Tunaomba msomaji aangalie: dini ni ileile, misheni ni ileile. Kilichobadilika ni nani mwenye ardhi na nani mwenye mkutano.

Wazee wa Sudi wangetulaumu kama tungeishia kwa Wakristo. Nao wana haki. Katika pwani yao wenye watumwa walikuwa Waislamu wenye vyeo, na hilo lisifichwe kwa heshima ya uongo. Lakini mwanzoni mwa karne ya 20, tarika ya Kadiria ilipoenea Lindi na vijiji vyake, katika duara la zikri waliingia pia watu wa asili ya utumwa, tena wakati utumwa wenyewe haujafutwa kisheria. Katika Tanganyika ulifutwa mwaka 1922. Mwaka 1908 barua iliyosemekana kutoka Makka ilipita mikononi mwa watu wa Lindi, na serikali ya Wajerumani ikashtuka sana. Ilishtuka kwa sababu iliona watu wa chini wakikusanyika bila kuitwa na mkubwa. Hakukuwa na mfadhili wa kugawa mbegu. Hatusemi Kadiria ilileta usawa wa mali, haikuleta. Tunasema mtu aliingia humo kwa miguu yake.

Kipimo cha kupimia mambo haya tunacho. Mwongozo wa TANU wa 1971, kifungu cha 28, ulilenga hasa watu waliowahi kuwa watumwa na kuonewa, ukaweka kipimo cha maendeleo kuwa sauti yao juu ya mambo yao, wala si wingi wa wanachotiliwa sahanini. Makada wengi wanakumbuka kifungu cha 15 kinachokemea viongozi wenye majivuno, wakiwa na mtu fulani akilini. Cha 28 husahauliwa, labda kwa sababu kinamhukumu hata kiongozi mpole.

Na kikitumika kwa haki kitatugusa sisi pia. Mwaka 1983, chini ya Sheria ya Nguvukazi, watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi walikamatwa Dar es Salaam na miji mingine wakapelekwa vijijini. Lengo lilikuwa kila mtu afanye kazi, na hatuoni haya kwa lengo hilo. Lakini aliyepakiwa garini hakuulizwa analima nini wala wapi, na kijiji kilichompokea hakikuulizwa kama kina nafasi. Wengi walirudi mjini. Mtu wa 1876 angalau alichagua kutembea. Tena baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, familia za bonde la Msimbazi zilipewa viwanja Mabwepande. Kiwanja kilikuwa halali na bondeni palikuwa pa hatari. Lakini riziki ya mchuuzi ilikuwa Kariakoo, na nauli ya kila siku ilikula faida. Wapo waliouza au kuacha viwanja wakarudi walikotoka. Penye pengo la namna hiyo, kati ya kiwanja na riziki, ndipo mashirika ya dini huingia na kuku, cherehani na mikopo midogo. Hawaingii kwa hila. Wanaingia kwa sababu sisi tumeondoka baada ya kukata utepe.

Mwalimu Nyerere, alipozungumza na watawa wa Maryknoll New York mwaka 1970, alilitaka Kanisa lisitosheke na kutuliza maumivu ya maskini bali lipigane na mifumo inayowafanya maskini. Ombi hilo lilielekezwa kwa Kanisa. Hakuna kinachomzuia kada kulipokea.

Tulimjibu kijana wa Sudi kwamba makofi na kukataa yote mawili ni majibu ya haraka. Chama hakina dini, na wanachama wake wana dini zao. Cherehani si dhambi. Aende akaulize mambo matatu: kikundi kimesajiliwa kwa jina la nani, mama asiyehudhuria ibada hiyo anaweza kushona siku ileile na mwenzake, na mkutano wa kijiji ukiamua vingine, uamuzi wa nani unasimama. Mzee mmoja wa nyuma akaongeza la nne, ambalo hatukuwa nalo katika maandalizi yetu: ufunguo wa chumba hulala kwa nani. Tumeliandika, na tumeliingiza katika somo.