NGALI YA ITABWA: NSAMA, TIPPU TIP NA KITABU CHA MSHINDI

Liko swali moja lipendwalo sana na wanafunzi wa historia na wa insha. Huuliza: vita fulani vingalikwisha kwa namna nyingine, dunia ingalikuwaje? Wazungu wameliuliza mara nyingi juu ya Waterloo ya mwaka 1815. Sisi hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Tunavyo vita vya mwaka 1867 huko Itabwa, nchi iliyo kaskazini mashariki ya Ziwa Mweru, baina ya Nsama, mtawala wa Watabwa, na Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip. Kwa msomaji aliyeko ufuko wa ziwa hilo, tangu Nchelenge hata Chisenga, ambako maji ya Luapula huingia ziwani, habari hizi ni za jirani zake. Na kwa mwalimu wa Kiswahili popote alipo ni habari za somo lake, kwa kuwa zimeandikwa katika mojawapo ya vitabu vya kwanza vya nathari yetu, yaani Maisha ya Tippu Tip mwenyewe.

Je, Nsama angalishinda? Swali hili ni jema. Namna linavyojibiwa aghalabu ndiyo isiyoturidhisha, na makala haya yanakusudia kuonyesha kasoro yake.

Kwanza tukumbushane yaliyotukia. Nsama alikuwa mzee aliyeogopwa kotekote. Mapema katika miaka ya 1840 aliwapiga wafanyabiashara wa pwani waliofika nchini mwake, na kwa muda wa miaka ishirini na zaidi habari hiyo iliwaonya wengine. Tippu Tip alionywa pia, lakini alikwenda. Kwa maelezo yake, alipokelewa, akaonyeshwa pembe, kisha wenyeji wakaanza kupiga mishale, naye mwenyewe akajeruhiwa. Bunduki zikajibu, mji ukatekwa, na ngawira ikawa kubwa mno: pembe za ndovu, shaba na chumvi. David Livingstone, aliyekuwa safarini pande zile mwaka huo huo, alilazimika kungoja zaidi ya miezi mitatu mpaka njia ipatikane. Aliandika kwamba Nsama alikuwa kama Napoleon wa nchi hizo, naye ameangushwa na bunduki zipatazo ishirini.

Hapo ndipo mwanafunzi anapoanza kujenga. Huandika: “Nsama angalishinda, Tippu Tip angalikufa. Tippu Tip angalikufa, Manyema isingalitekwa. Manyema isingalitekwa, Wabelgiji wasingalipata njia. Wabelgiji wasingalipata njia, Kongo ingalikuwa huru.” Kwa sarufi hatuna la kulaumu. Kiambishi -ngali- kimetumika mahali pake, katika shuruti iliyokwisha kupita na isiyoweza kutimia, na pande mbili za kila sentensi zimepatana. Kwa hoja, hata hivyo, nyumba hii haina msingi. Ngali ya kwanza ni dhana. Ya pili imekalia dhana. Ya tatu imekalia dhana ya dhana. Ifikapo ya nne, hakuna tena historia bali hadithi, na hadithi yenyewe haina hata wahusika. Kanuni tunayoipendekeza ni hii: mwandishi apewe ngali moja bure, na kila inayofuata ailipie kwa ushahidi.

Ushahidi upo, tena si wa kubuni. Historia yenyewe imetufanyia jaribio kwa mtu yule yule. Nsama aliwahi kushinda. Ushindi wake wa kwanza ulifanya nini? Uliwachelewesha watu wa pwani kuingia Itabwa. Haukuondoa haja yao ya pembe. Bei ya pembe ilikuwa ikipangwa Unguja na masoko ya ng’ambo, na Nsama hakuwa na mkono huko. Kwa hiyo hata angalishinda mara ya pili, lililo karibu na yakini ni kwamba angalipata muda mwingine. Muda si kitu kidogo: kwa watu walioishi ndani yake ni mavuno, ni watoto waliokua nyumbani kwao. Lakini muda na wokovu si kitu kimoja.

Mfano wa pili ni wa Uhehe. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, jeshi la Mkwawa lililiangamiza jeshi la Wajerumani, na kamanda wake, Emil von Zelewski, akauawa. Hapa mwanafunzi hahitaji ngali hata moja, maana Mwafrika alishinda kweli. Hata hivyo mwaka 1894 Wajerumani walirudi na mizinga, Kalenga ikaanguka, na Mkwawa akafa mwaka 1898. Aliyeshindwa Lugalo alikuwa na hazina, viwanda na meli nyuma yake, akaweza kupeleka jeshi jingine. Basi aulizaye matokeo ya vita na aulize kwanza: aliyeshindwa aweza kurudi?

Tukiliuliza swali hilo juu ya Itabwa, tunapata jambo la maana. Tippu Tip wa mwaka 1867 hakuwa dola. Alikuwa mfanyabiashara aendaye kwa mkopo wa matajiri wa Unguja. Pembe za Nsama ndizo zilizomlipia madeni na kumpa sifa ya kukopeshwa zaidi kwa safari iliyofuata, ile iliyomfikisha Manyema. Kama angalishindwa, au angalikufa kwa mishale ile, huenda jina lake lisingalijulikana. Tumesema “huenda”, na tunasimama hapo, kwa sababu biashara isingalikufa pamoja naye. Msiri, Mnyamwezi aliyejenga mji wake Bunkeya, alikuwa tayari katika nchi ya shaba. Wafanyabiashara wengine walikuwako ufukoni na kwa Kazembe. Kuhusu mipaka, mkataba wa Mei 1894 baina ya Uingereza na Mfalme Leopold ndio uliolipitisha mstari Luapula na Ziwa Mweru, ukiwaacha jamaa wa ukoo mmoja huku na huko. Walioufanya hawakuuliza nani alishinda Itabwa.

Walimu wengine hudai kwamba bila ushindi ule Kiswahili kisingalifika ng’ambo ya ziwa. Tunakubali kwamba misafara ilikipeleka, lakini twaona dai hilo linampa Tippu Tip sifa isiyo yake peke yake. Kiswahili cha Lubumbashi na miji mingine ya migodi kilikuzwa zaidi katika karne ya ishirini, na utawala wa Kibelgiji, shule za misheni, na wafanyakazi walioletwa migodini kutoka makabila mengi wakahitaji lugha moja. Mvuvi wa ng’ambo azungumzaye Kiswahili hakurithi lugha yake katika bunduki ishirini tu.

Kitu kimoja, hata hivyo, kisingalikuwako kabisa bila ushindi ule, nacho ni kitabu chenyewe kama tukijuavyo. Tippu Tip alikiandika uzeeni kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Heinrich Brode akakichapisha kwa herufi za Kirumi mwaka 1902 na 1903, yapata miaka thelathini na mitano baada ya vita. Ni nathari safi: sentensi fupi, hesabu za mali, mwendo wa haraka usiopumzika. Uzuri huo ndio unaotutega. Tunasoma kwamba wenyeji ndio waliochokoza, nasi twakubali, kwa kuwa msimulizi anasimulia vizuri. Mwamba ngoma huvutia kwake. Nsama hakuacha kitabu. Livingstone anatueleza kwamba baada ya vita iliwekwa suluhu, na binti wa Nsama akaozwa kwa mmoja wa wafanyabiashara. Binti huyo alionaje mambo? Hakuna ukurasa wa kutuambia. Kitabu tunachokitukuza kwa lugha yake ni sehemu ya ngawira ya Itabwa, kama zilivyo pembe na shaba.

Hatusemi kisisomwe. Tungekuwa maskini bila hicho. Twasema kisomwe na ngali mkononi. Mwalimu asimpe mwanafunzi kazi ya kubuni dola la Nsama lililodumu hata leo. Ampe kazi ngumu zaidi: aeleze siku ile ile akiwa ndani ya boma, kwa Kiswahili kile kile cha sentensi fupi, bila kuongeza jambo lisiloweza kuwa kweli. Ataona mara moja maswali ambayo mshindi hakuyagusa. Nani alifungua mlango? Pembe zile zilikusanywa na nani, kwa jasho la nani? Waliokimbia walilala wapi usiku ule, na nani aliwapokea?

Darasani hukaa pamoja watoto ambao wazee wao walibeba bunduki, waliobeba pembe na waliokimbia mishale ikiwa mkononi. Wote wanasomeshwa ukurasa mmoja. Ngali itumiwayo kwa kiasi haimrudishii Nsama mji wake, ila inamrudisha kwenye sentensi, mahali pa mtenda, ambako kitabu cha mshindi kilimwacha mtendwa.