Picha kama Ukumbusho: Sammy Baloji na Mitambo ya Katanga

Sisi wahakiki wa Kiswahili tumezoea kuifanya picha kuwa mtumishi wa maneno. Huwekwa kwenye jalada la riwaya, au katikati ya kitabu cha historia, ili ithibitishe yale ambayo maandishi yamekwisha kuyasema. Hatuiulizi maswali tunayoliuliza shairi: ni nani asemaye, anasema na nani, na kwa nini amechagua mpangilio huu badala ya mwingine. Katika makala haya ninakusudia kuzihoji kwa maswali hayo picha za msanii mmoja wa Lubumbashi, Sammy Baloji, hasa mfululizo wake wa mwaka 2006 uitwao Mémoire. Rai yangu ni kwamba picha hizi haziwezi kueleweka ipasavyo pasipo dhana moja ya Kiswahili cha Katanga, yaani ukumbusho. Na kwamba dhana hiyo hiyo ndiyo inayotuonyesha mahali zilipopungukiwa.

Yafaa kwanza tueleze aina ya usanii tunaouzungumzia. Katika miaka ya 1960 baadhi ya wasanii wa Marekani na Ulaya walishika msimamo kwamba wazo ndilo sanaa yenyewe, na kwamba ustadi wa mkono na uzuri wa umbo ni mambo yanayofuata nyuma. Mfano ulio karibu zaidi na taaluma yetu ni kazi ya Joseph Kosuth ya mwaka 1965. Ndani yake mna kiti, picha ya kiti hicho hicho, na fasili ya neno “kiti” iliyonakiliwa kutoka kwenye kamusi. Mwanaisimu hahitaji kufafanuliwa zaidi; hilo ni somo zima la semantiki lililosimamishwa ukutani. Picha iliyo hapo imeacha kuwa shahidi, imekuwa hoja. Huo ndio upigaji picha wa dhana.

Hoja za namna hii zilielekezwa mapema kwenye teknolojia. Bernd na Hilla Becher, mume na mke wa Ujerumani, walianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kupiga picha za matanuri ya chuma, minara ya maji na minara ya migodi. Waliipiga mitambo hiyo kutoka mbele, chini ya anga la mawingu lisilo na vivuli, kisha wakazipanga picha safu kwa safu jinsi sisi tunavyopanga ngeli za nomino. Kitabu chao cha mwaka 1970 kiliiita mitambo hiyo vinyago visivyojulikana mchongaji wake. Sina haja ya kuubeza mradi huo, kwani umeathiri kizazi kizima cha wapiga picha. Hata hivyo, mtu aliyezitazama picha hizo kwa muda mrefu hukosa kitu kimoja. Hakuna watu. Tanuri limesimama kana kwamba lilijiumba lenyewe na linajiendesha lenyewe, na mfanyakazi amefutwa pamoja na kivuli. Kwa maoni yangu, huku ndiko kuitazama teknolojia kwa jicho la mwenye kampuni, hata kama msanii hakukusudia hivyo.

Sasa tugeukie Katanga. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika mahali palipoanzishwa mji wa Elisabethville, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa hapo. Vibarua waliletwa kutoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, Rwanda na Burundi, na katika makambi yao lugha iliyowaunganisha ikaja kuwa Kiswahili. Kampuni iligawa nyumba, posho, zahanati na shule. Iligawa pia adhabu. Desemba 1941 wafanyakazi waliogoma kudai mishahara walipigwa risasi mjini humo, wakafa makumi kadhaa. Baada ya uhuru Mobutu aliitaifisha kampuni, ikaja kuitwa Gécamines, na mwaka 1971 jimbo zima likapewa jina la madini yake kwa Kiswahili: Shaba. Jina hilo lilidumu hadi 1997. Sijui jimbo jingine lililopata kuitwa kwa neno letu la bidhaa inayochimbuliwa chini ya miguu ya wakazi wake. Kana kwamba watu wenyewe hawakustahili kutajwa. Katikati ya miaka ya 1980 uzalishaji ulizidi tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto ilibomoka, na kufikia katikati ya muongo huo uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kazini kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia.

Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978. Kwa hiyo ujana wake wote ni ujana wa kuporomoka huku. Katika Mémoire alitwaa picha za kale za rangi nyeusi na nyeupe kutoka kwenye hifadhi ya nyaraka za kampuni, akakata kwa kompyuta watu waliomo, kisha akawasimamisha mbele ya picha za rangi alizozipiga yeye mwenyewe katika mabohari, karakana na matanuri yaliyooza. Picha ni pana, zimelala kama upeo wa macho. Nyuma kuna mabati yaliyoliwa na kutu, udongo mwekundu, pengine dohani na mlima mweusi wa mabaki ya tanuri. Mbele wamesimama wanaume wa miongo ya kwanza ya ukoloni, vifua wazi, wakimtazama mtu ambaye hatumwoni. Au mabwana waliovaa kofia za jua, wametulia katika mkao wa wenye mali.

Jambo la kuzingatia katika fani ya picha hizi ni mshono. Msanii angeweza kuuficha. Angeweza kuwapaka wale watu rangi, akawapa vivuli vinavyolingana na jua la leo, nasi tukadanganyika. Hakufanya hivyo. Watu wamebaki kijivu katika nchi yenye rangi, na jicho linajua papo hapo kwamba nyakati mbili zimegonganishwa. Kile ambacho akina Becher walikiondoa, Baloji amekirudisha, lakini amekirudisha kama kidonda kilichoshonwa kwa uzi unaoonekana. Mtambo haujitegemei tena. Ni zao la kazi, na wenye kazi wamekuja kusimama mbele yake. Hapa fani na maudhui ni kitu kimoja, jambo ambalo huwa tunalitamka mara nyingi madarasani kuliko tunavyolishuhudia.

Mfululizo una jina la Kifaransa. Je, tulifasirije? Wepesi wa kwanza utatuletea “kumbukumbu”. Neno hili linatokana na kumbuka, kwa kurudufisha mzizi, na hutaja kile kilichobaki akilini au kilichoandikwa: kumbukumbu za mkutano, kumbukumbu za ofisi. Ni neno lililotulia. Lakini lipo neno la pili. Kumbuka hunyambulika kuwa kumbusha, kama vile anguka inavyokuwa angusha na waka inavyokuwa washa, na kutokana na kumbusha tunapata ukumbusho. Ndani ya neno hili kauli ya kutendesha ingali inafanya kazi. Ukumbusho hauwezi kuwapo pasipo mtu anayekumbushwa, na mara nyingi anayekumbushwa ni yule aliyependelea kusahau.

Tofauti hii haikubuniwa katika chumba changu cha kazi. Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian, walipochunguza uchoraji wa kawaida wa mijini Shaba katika miaka ya 1970, waliona kwamba wachoraji na wanunuzi wao walikuwa na jina la picha zilizotundikwa katika vyumba vya wafanyakazi. Waliziita ukumbusho. Picha ya mfungwa akichapwa mbele ya afisa wa Kibelgiji, ambayo ilichorwa tena na tena na mikono mingi, haikununuliwa ili kupamba ukuta. Ilinunuliwa ili mgeni akiketi aulize, na mwenyeji apate kusimulia. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alifika mbali zaidi: mnamo 1973 na 1974 alimchorea Fabian picha mia moja hivi za historia ya nchi yake, na kila picha akaisimulia kwa Kiswahili mbele ya kinasasauti. Picha na masimulizi vilikuwa kitu kimoja. Mapema kuliko hapo, mwaka 1965, André Yav alikuwa amekwisha kuandika kwa Kiswahili historia ya Elisabethville kwa niaba ya watumishi wa majumbani. Kwa hiyo Baloji hakuanzia jangwani, wala hakuanzia kwa Kosuth. Nyuma yake kuna mapokeo ya mji wake ya kuitumia picha kama hoja, na mapokeo hayo yana istilahi yake ya Kiswahili. Ni aibu kwetu kwamba istilahi hiyo imejadiliwa zaidi kwa Kiingereza na Kifaransa kuliko katika majarida kama hili.

Tukizisoma picha za Mémoire kama ukumbusho, usomaji wa aina mbili unaosikika mara kwa mara unakosa nguvu. Wa kwanza ni ule wa uzuri wa magofu. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili ng’ambo, nilisimama katika ukumbi mmoja wa maonyesho karibu na watazamaji waliosifu kwa muda mrefu rangi ya kutu. Hawakukosea, kutu ile ni nzuri. Lakini hawakusema neno juu ya watu waliosimama mbele yake. Macho yao yaliwapita watu wale kama wapitavyo watu nguzo za taa, yakawatendea kama walivyotendewa na kamera ya kampuni.

Usomaji wa pili ni mgumu zaidi kuujibu, maana wenyewe ni watu wa Lubumbashi. Ni ule wa kuutamani wakati uliopita, siku ambazo king’ora kililia, posho ikaja na watoto wakaenda shule. Maonyesho ya New York ya mwaka 2010, yaliyoandaliwa na mwanahistoria Bogumil Jewsiewicki, yalibeba jina lenye maana ya wakati mzuri. Naye Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Lubumbashi, alikiita kitabu chake cha 2001 kwa jina linalowataja “Bana Shaba” waliotelekezwa na baba yao. Baba ndiye kampuni. Mhakiki aliyekaa mbali asifanye haraka kuyaita mawazo haya kasumba. Mtu aliyekuwa na mshahara, kisha akakaa miaka asilipwe, ana haki ya kuukumbuka mshahara. Ila Baloji hawapi watu hawa baba wanayemtaka. Anawaletea babu zao wakiwa vifua wazi, mbele ya bohari lile lile, na kuwalazimisha wauone wakati mzuri na gharama yake kwa mtazamo mmoja. Ukumbusho wa namna hii unawaumiza hata wale ambao msanii yuko upande wao.

Hata hivyo, kipimo nilichokichukua kinaidai kazi yenyewe pia. Ukumbusho wa Katanga ulikuwa na msimulizi. Picha za Mémoire nyingi hazina hata jina. Zimeandikwa tu kwamba hazina anwani, zikapewa namba. Watu waliomo hawana majina. Pengine nyaraka za kampuni hazikuyaandika, lakini msanii angeweza kutupa sauti nyingine: ya mjane, ya mtambaji, ya fundi mstaafu. Zikitundikwa Lubumbashi hazina shida, kwani mtazamaji mwenyewe ndiye msimulizi, na atamwonyesha mwanawe kwa kidole. Zikitundikwa New York, kauli ya kutendesha inakatika. Zinarudi kuwa kumbukumbu. Nafikiri hili ni kosa la fani na si la mahali tu, kwa kuwa msanii alijua kwamba picha zake zitasafiri.

Kazi yake ya mwaka 2013 juu ya mipango ya mji imelikwepa kosa hili kwa kiasi fulani. Humo picha za Lubumbashi zilizopigwa kutoka angani zinapishana na picha za visanduku vya wadudu kutoka jumba la makumbusho la mji: nzi na mbu waliochomwa pini. Katika picha ya nyaraka ya 1929 inayoandamana nazo, tunaambiwa kwamba kila mfanyakazi alitakiwa kuleta nzi 50 kwa siku ndipo apate posho yake. Kutoka angani unaonekana ukanda uliotenganisha mtaa wa Wazungu na ule wa Waafrika, ambao upana wake ulihesabiwa kwa masafa ya mbu kuruka. Sayansi ya afya, ramani na posho vimefungwa katika hoja moja. Hapa nambari yenyewe inasimulia, na mtazamaji wa popote hana budi kuhesabu nzi.

Ipo pia taasisi ambayo Baloji na mwandishi Patrick Mudekereza walishiriki kuianzisha Lubumbashi mwaka 2008, na ambayo huandaa maonyesho makubwa ya sanaa mjini humo. Jina lake ni Picha, bila tafsiri.

Nirudi kwenye ule mlima mweusi wa mabaki ya tanuri. Watazamaji wengi huuchukulia kuwa kaburi la viwanda. Sivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kilijengwa kiwanda cha kuyachakata upya mabaki hayo, kwa sababu wayeyushaji wa zamani waliotaka shaba waliitupa kobalti pamoja na taka. Kobalti huingia katika betri za simu na za magari ya umeme, na sehemu kubwa ya ile inayochimbwa duniani hutoka Kongo. Wanaume wa kijivu wamesimamishwa mbele ya mali ambayo ingali inapakiwa.