Hiyo "3" ni ya nani?

Kuna aina ya utafiti ambayo sisi wa shahada ya uzamili tunaipenda mno. Unawagawia wahadhiri dodoso, unawauliza kama mwajiri anawajali, ukurasa unaofuata unawauliza kama wana utulivu wa moyo. Unaingiza majibu kwenye SPSS, uhusiano unaonekana, unahitimisha kwamba msaada wa kazini huleta ustawi wa kisaikolojia. Kazi kwisha!

Hebu subiri kidogo. Kurasa zote mbili kajaza mtu mmoja, siku moja. Mwenye furaha humwona hata mkuu wa idara kuwa mtu mwema, na aliyechoka haoni msaada hata ukiwepo. Kipi kimezaa kingine? Dodoso halijui.

Ila linalonisumbua zaidi ni hilo neno "mwajiri". Kipimo cha Robert Eisenberger na wenzake, cha mwaka 1986, humtaka mfanyakazi aseme kama taasisi inathamini mchango wake na kujali hali yake. Sasa mpelekee mhadhiri wa Kampasi ya Mizengo Pinda ya SUA huku Mpimbwe, mkoani Katavi, halmashauri hiihii yenye kata yetu ya Kasansa. Kwake taasisi ni ipi? Makao makuu yapo Morogoro. Kwa barabara unapitia Tabora na Dodoma, au unazungukia Sumbawanga na Mbeya. Tuseme mtoto wake anaumwa, mwenzake wa ofisi ya pili anamshikia kipindi, huku barua yake ya ruhusa haijajibiwa. Akizungushia "3", hiyo tatu ni ya mwenzake au ya Morogoro?

Kipimo cha ustawi cha Carol Ryff (1989) nacho kina lake. Kati ya nguzo zake sita imo kujitawala, yaani kuamua bila kuyumbishwa na watu. Mtu anayetaka ushauri wa wakubwa wa ukoo kabla ya kuamua atapoteza alama hapo, na sioni kwa nini ahesabiwe kuwa hana ustawi.

Mimi ningeanza na vya kuhesabika: vipindi kwa wiki, idadi ya wanafunzi darasani, siku ambazo barua ilikaa bila jibu. Halafu ningewauliza walewale tena baada ya mwaka, na kuwatafuta waliohama. Dodoso la siku moja hao haliwakuti kabisa, na pengine ndio waliokosa msaada kuliko wote.